Uchambuzi wa kisa: kuvu ya kijani dhidi ya weusi wa mbao za mwembe katika karakana moja ya Malindi

Kisa hiki kinahusu karakana ya useremala yenye mafundi watano. Mtaa, mwaka, jina la mteja na majina ya mafundi yameondolewa. Vipimo na mfuatano wa siku ni kama vilivyoandikwa kwenye daftari la karakana.

Usuli

Karakana hutengeneza milango ya ndani, makabati na mbao za madirisha. Kazi za nje ilizifanya kwa mbambakofi au mvule kila zilipopatikana, na bei ilipopanda ikahamia mwembe kwa kazi za ndani. Bara kidogo ya mji hapakosi mwembe mzee wa ngowe au boribo uliochoka kuzaa. Mwenye shamba anaukata ili apande mche mpya, na gogo linauzwa kwa bei ya kuni au zaidi kidogo. Mbao yake inapokea randa na patasi vizuri. Wachonga vinyago wa pwani nao wamekuwa wakitumia mwembe na mwarobaini tangu mpingo na muhuhu vilipoadimika.

Ubaya wa mwembe uko ndani yake. Mbambakofi una kiini chenye kemikali za asili zinazozuia kuvu na wadudu. Mwembe hauna kinga hiyo: karibu gogo zima ni mbao changa nyeupe (ile isiyogeuka kiini), iliyojaa wanga na sukari. Likikatwa likiwa bichi katika joto la nyuzi 25 hadi 32 na unyevu wa masika, ni chakula kilichoachwa wazi.

Mlaji mkubwa wa chakula hicho katika nchi za joto ni kuvu inayoitwa Lasiodiplodia theobromae. Mkulima wa maembe anaijua kazi yake hata kama hajui jina: ndiyo mojawapo ya kuvu zinazoozesha embe kuanzia kikonyoni, na ndiyo inayokausha matawi kutoka ncha kurudi nyuma. Ndani ya mbao, nyuzi zake hupenya kwenye chembe zinazohifadhi wanga. Nyuzi hizo zina melanini, rangi ya kahawia nzito karibu na nyeusi, ambayo ikitazamwa kupitia mbao nyeupe inaonekana kama kijivu au buluu. Haivunji sana selulosi, yaani nyuzi zinazoupa ubao nguvu, kwa hiyo ubao unabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Kinachopotea ni rangi, na kwa mteja anayetaka vanishi isiyo na rangi, ubao wa namna hiyo haufai kitu. Unyevu ulioiruhusu kuvu hiyo ndio huohuo unaoruhusu kuvu za uozo kufuata nyuma.

Hasara ya kwanza

Mwezi wa Mei karakana ilipokea oda ya milango ya ndani na mbao za madirisha kwa nyumba ya wageni. Gogo lilikatwa, likalala shambani siku 11 kwa sababu lori halikuweza kuingia kwenye matope. Likapasuliwa kuwa mbao za inchi 1, zikapangwa moja juu ya nyingine bila vijiti katikati, zikafunikwa turubai. Wiki ya tatu zilipofunuliwa, karibu zote zilikuwa na michirizi ya kijivu iliyopita kutoka uso mmoja hadi wa pili. Fundi alipiga randa milimita 4, doa likabaki palepale. Mteja alikataa mzigo.

Njia zilizofikiriwa

Mafundi walitaja kwanza oili chafu ya gari. Ikaondolewa mara moja: inatia weusi wake yenyewe na vanishi haishiki juu yake.

Ya pili ilikuwa kuchovya mbao kwenye kiuakuvu cha kemikali. Njia hii inafanya kazi, na viwanda vikubwa vimeitumia miaka mingi. Lakini dawa ya zamani iliyotegemewa zaidi, ya jamii ya pentaklorofenoli, iliingizwa mwaka 2015 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zenye sumu, kwa sababu ya sumu yake inayodumu. Karakana haina sakafu ya saruji wala beseni la kuchovyea, mafundi wanafanya kazi mikono mitupu, na kisima kiko hatua chache kutoka banda la makuti. Dawa yoyote inayochuruzika hapo itaishia kwenye ndoo ya maji.

Ya tatu, iliyochaguliwa, ilikuwa kutumia kuvu rafiki: kuipa mbao mbichi kuvu isiyotia doa ili iwahi chakula na nafasi kabla ya ile yenye doa. Wazo hili si geni. Mwaka 1963 John Rishbeth wa Cambridge alichapisha kazi yake ya kupaka visiki vya msonobari vilivyokatwa kuvu inayoitwa leo Phlebiopsis gigantea, ili kuvu hatari ya mizizi isipate pa kuanzia. Njia hiyo ipo kazini misituni Ulaya hadi leo. Huko Marekani kuvu ya doa yenyewe, Ophiostoma piliferum, ilitafutiwa aina isiyotengeneza melanini, ikanyunyizwa kwenye magogo na vipande vya msonobari: inakula kilekile ambacho ndugu zake weusi wangekula, ila haiachi rangi. Hizo mbili hazikufaa Malindi. Ya kwanza inaozesha mbao, na hilo kwenye kisiki si tatizo lakini kwenye ubao ni balaa. Ya pili ni ya misonobari na haiuzwi madukani hapa.

Iliyopatikana ilikuwa trikoderma, unga wa kuvu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya mizizi ya nyanya na mboga. Inakua haraka, inashindania sukari, inajizungushia nyuzi za kuvu nyingine na kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta zake. Nguvu ya kuozesha mbao ni ndogo. Lebo ya bidhaa ilikuwa ya mazao, haikutaja mbao popote. Karakana ilijua hivyo na ndiyo maana iliacha sehemu ya mbao bila dawa.

Maandalizi

Unga wa kuvu una uhai. Ukikaa miezi kwenye rafu ya duka la mabati, unaweza kuwa vumbi tu. Kabla ya kununua wa kutosha, karakana ilinunua pakiti moja ndogo na kuijaribu kwa wali: nusu kikombe cha mchele uliochemshwa hadi kuiva, bila chumvi wala mafuta, ukiwa bado moto ukatiwa kwenye chupa safi ya kioo, ukaachwa upoe umefunikwa, kisha ukanyunyiziwa unga kwa ncha ya kisu na mdomo ukafungwa kwa kitambaa safi. Siku ya 3 wali ulifunikwa na nyuzi nyeupe, siku ya 5 ukawa kijani kote. Hiyo ni trikoderma hai. Rangi nyeusi au ya waridi, au harufu ya uchachu, ingemaanisha unga umekufa au umechafuka. Baadhi ya aina za trikoderma hutoa harufu ya nazi, na fundi mmoja aliihisi alipofungua chupa. Harufu hiyo si sharti. Zipo aina nzuri zisizonukia.

Kipimo kilitoka kwenye lebo. Bidhaa ilikuwa na mbegu za kuvu bilioni 1 kwa kila gramu. Kwa mbao, kiwango cha kulenga ni mbegu milioni 10 kwa kila mililita ya maji. Gramu 10 kwa lita moja zinafikia hapo, yaani gramu 200 kwa bomba la mgongoni la lita 20. Anayenunua bidhaa yenye milioni 100 kwa gramu atahitaji kilo 2 kwa bomba hilohilo, na hapo bei inaacha kuwa na maana. Soma namba hiyo kabla ya kusoma bei.

Ubao wa mita 2 kwa sentimita 20 kwa inchi 1 una uso wa karibu mita mraba 0.9 ukihesabu pande zote. Kwa mililita 200 kwa mita mraba, bomba moja linatosha mbao 100 hivi, ukiacha kinachodondoka.

Mambo mengine matatu yalizingatiwa. Maji ya bomba yaliachwa kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Bomba lilinunuliwa jipya, kwa sababu la kuazima lilikuwa limepulizia kiuakuvu cha nyanya na mabaki yake yangeiua trikoderma kabla haijafika kwenye mbao. Na mchanganyiko uliongezwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, ili utandae badala ya kujikusanya matone kwenye uso wa ubao uliopasuliwa. Mpuliziaji alivaa barakoa na glavu. Mwenye pumu hakuruhusiwa karibu. Kuvu rafiki kwa mbao si lazima iwe rafiki kwa mapafu.

Yaliyotokea

Siku ya kwanza mwembe ulikatwa asubuhi. Safari hii lori lilikuwa linasubiri. Siku ya pili gogo lilipasuliwa, zikapatikana mbao 120. Mbao 60 zilipuliziwa jioni ileile, jua likiwa limeshuka, kwa kuwa jua kali huua mbegu za kuvu. Mbao 30 zilitengwa bila kupuliziwa. Zilizobaki 30 zilipaswa kupuliziwa pamoja na zile 60, lakini msumeno ulichelewa, giza likaingia, na kesho yake ilinyesha kutwa. Zikapuliziwa siku ya nne.

Vijiti vya kutenganisha vilikuwa vikavu, vya inchi 1, kimoja kila sentimita 50, vimesimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Safu ya chini iliinuliwa kwa matofali hadi usawa wa goti, ubavu wa rundo ukaelekezwa upepo wa kusi upite katikati. Juu likawekwa bati, pande zikaachwa wazi. Ncha za mbao hazikupakwa kitu.

Siku ya saba utando mweupe kama pamba ulionekana. Siku ya tisa ukawa na madoa ya kijani. Mwanafunzi wa ufundi aliyekuwa zamu alimwambia mkubwa wake, "Fundi, mbao zimeota ukungu, tutakula hasara tena." Fundi aliyepanga mambo hayo hakuwapo. Mbao 12 za juu zikasuguliwa kwa brashi na dawa ya klorini ya kufulia, zikarudishwa kwenye rundo zikiwa zimelowa. Aliporudi jioni aliwazuia wasiendelee.

Wiki ya tisa kipima unyevu kilisoma chini ya asilimia 20 kwenye mbao zote. (Vipima unyevu vya misumari miwili havitegemewi juu ya asilimia 30, kwa hiyo namba za wiki za mwanzo hazikuandikwa.) Zikapigwa randa milimita 2 kila upande na kukaguliwa.

Matokeo

Kati ya 30 zisizopuliziwa, 26 zilikuwa na doa lililobaki baada ya randa. Kati ya 30 zilizopuliziwa siku ya nne, 21. Kati ya 48 zilizopuliziwa jioni ya kwanza na kuachwa, 41 zilitoka safi na 7 zilikuwa na doa. 5 kati ya hizo 7 doa lilikuwa nchani tu, urefu wa kiganja. Kati ya 12 zilizooshwa kwa klorini, 9 ziliharibika.

Kijani cha trikoderma kilitoka chote na maganda ya randa. Milango ilikamilika na mteja aliipokea.

Hizi si namba za maabara. Gogo lilikuwa moja, mbao hazikuchanganywa kwa kura, na rundo la siku ya nne lilikuwa upande wenye upepo mdogo. Hata hivyo tofauti kati ya jioni ya kwanza na siku ya nne ni kubwa mno kusingizia upepo.

Uchambuzi

Jambo lililoamua kila kitu lilikuwa saa. Lasiodiplodia kwenye sahani ya maabara ya sentimita 9 hujaza sahani nzima kwa siku 2 au 3. Katika mbao mbichi inafuata mishipa ya maji, na ikishaingia ndani ya milimita chache trikoderma iliyo juu haiwezi kuifikia. Tena nyuzi zenye melanini ni ngumu kuyeyushwa. Kuvu rafiki ni mlinzi wa mlangoni. Haimtoi mwizi aliyekwisha ingia. Mbao za siku ya nne zilipata dawa ileile, kipimo kilekile, zikaambulia kidogo tu kuliko zisizopata kitu. Kwa sababu hiyohiyo gogo la Mei lisingeokolewa na unga wowote: siku 11 shambani zilitosha kuvu kuingia kutoka kwenye ncha na mahali gome lilipochubuka. Gogo likilazimika kusubiri, ncha zake na michubuko ndizo za kupuliziwa palepale shambani, saa ileile msumeno unapotoka.

Kuoshwa kwa klorini ndilo kosa lenye mafunzo mengi, kwa kuwa lilifanywa na mtu aliyekuwa akijaribu kuokoa mali. Klorini iliua trikoderma iliyokuwa juu, kisha yenyewe ikaisha nguvu ndani ya saa chache. Kilichobaki kikawa ubao uliolowa upya, mtupu, usio na mlinzi, katikati ya rundo lenye mbegu za kuvu za kila aina hewani. Mbao hizo ziliharibika kwa kiwango kinachokaribia zile ambazo hazikupuliziwa kabisa. Aliyepanga kazi alijua kijani kingetokea lakini hakumwambia mtu. Karakana sasa huning'iniza kwenye rundo kipande cha ubao kilichoandikwa kwa mkaa: "Kijani ni dawa. Nyeusi niite."

Kutofautisha hizo mbili si kugumu. Trikoderma inakaa juu, ni ya unga, inafutika kwa kidole, na chini yake mbao ni nyeupe. Doa halifutiki. Kwangua kwa kisu: ukikuta kijivu chini ya uso, ubao huo umekwisha.

Ncha zilisahauliwa. Maji hutoka na kuvu huingia upesi zaidi nchani kuliko ubavuni, kwa kuwa mishipa yote iko wazi hapo. Baada ya dawa kunyonywa, mikono miwili ya rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo ingepunguza mipasuko pia. Mbao zile 5 zingesalimika.

Upangaji wa rundo ulistahili sifa ambayo kuvu ilipewa peke yake. Trikoderma ilinunua wiki za mwanzo, wakati mbao zikiwa na unyevu uliozidi asilimia 30. Baadaye ni upepo uliokausha. Ubao ukishuka chini ya asilimia 20 hakuna kuvu inayoweza kufanya kazi, iwe ya doa au ya uozo, na trikoderma nayo inalala. Kwa hewa ya Malindi ubao wa kivulini hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16, kwa hiyo nafasi kati ya salama na hatari si pana. Turubai lililofunika mbao za Mei hadi chini liligeuza rundo kuwa sufuria yenye kifuniko.

Kilichosahauliwa kabisa kwenye mpango ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Miezi minne baadaye, mbao kadhaa zilizobaki stoo zilionekana na vitundu vya milimita 1 hadi 2 na unga laini kama wa ngano chini yake. Huyo ni mdudu wa unga, anayetaga kwenye mishipa ya mbao zenye wanga, na mwembe ni kipenzi chake. Trikoderma haina lolote kwake. Mbao zilizotobolewa zilichomwa. Zilizobaki zilipakwa mikono miwili ya boraksi na asidi ya boriki: gramu 600 na gramu 400 katika lita 9 za maji ya moto, zikakorogwa hadi kuyeyuka na kupakwa maji yakiwa bado na joto. Boroni, iliyomo katika boraksi na asidi hiyo, huzama vizuri zaidi kwenye mbao mbichi, na hapo kuna mvutano: mbao mbichi ndiyo inayotaka trikoderma pia. Kuvu nyingi za juujuu huvumilia boroni kwa kiasi, lakini aina hutofautiana. Kabla ya kutumia zote mbili kwa pamoja, ijaribiwe kwenye vipande vitano vya mbao, si kwenye mzigo wa mteja. Hadi jaribio hilo lifanywe, karakana inapulizia kuvu kwanza na kupaka boroni baada ya randa. Inazama milimita chache tu, na kwa ubao mwembamba wa ndani inatosha.

Mteja alipoona milango safi aliomba kizingiti cha mlango wa nje, kinachopigwa na mvua za kusi, kitengenezwe kwa mwembe uliopuliziwa "dawa ile ya kijani". Karakana ilikataa. Trikoderma huzuia kuvu za uozo vizuri kwenye sahani ya maabara, lakini kwenye mbao inayolowa na kukauka nje mwaka hadi mwaka matokeo yake yamekuwa ya kubahatisha, na kuvu za uozo mweupe (zinazoacha mbao nyeupe na laini) hasa huishinda. Boroni nayo huoshwa na mvua. Kizingiti kilitengenezwa kwa mbambakofi, na bei yake ikaandikwa kwenye mstari wake peke yake.